Hesabu Iliyompeleka Durant Golden State

Tarehe 4 Julai 2016 Kevin Durant, nyota wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, alitangaza kwamba anaiacha Oklahoma City Thunder na kwenda Golden State Warriors. Siku 35 kabla ya hapo, Warriors haohao walikuwa wamemtupa nje katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi, baada ya Thunder kuongoza michezo mitatu kwa mmoja. Timu iliyotoka kushinda michezo 73 kati ya 82, rekodi ambayo haijavunjwa, ikamwongeza Mchezaji Bora wa msimu wa 2013–14. Mashabiki wa Thunder walichoma moto jezi namba 35, na jina la msaliti likamfuata Durant kila uwanja alioingia.

Tangu hapo mjadala umebaki kwenye moyo wa mtu huyu: alikuwa mwoga, alikuwa jasiri, alitafuta njia ya mkato. Mjadala huo umeficha jambo kubwa zaidi. Kutaka kuhamia kwa bingwa si ajabu, kila mwaka wapo nyota wanaotamani. Kinachowazuia ni sheria za fedha za NBA, na zilitungwa kwa kazi hiyo hasa. Kiangazi cha 2016 sheria hizo ziliachia, na ukizifuata namba moja baada ya nyingine unaona zilipoachia.

Kikomo kilichoruka

Anayefuatilia soka la Ulaya amezoea klabu tajiri kuweka dau mezani na kumng'oa mchezaji wa jirani. NBA haiendi hivyo. Kila msimu ligi hupanga kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu ikishaifikia haiwezi tena kumsajili mchezaji wa nje kwa mshahara mnono. Inachoruhusiwa ni kuwabakiza wachezaji wake wenyewe hata kama itavuka kikomo, kwa kile kinachoitwa haki za Bird, kutokana na Larry Bird wa Boston Celtics. Mchezaji akikaa misimu mitatu bila kuachwa au kuhama akiwa huru, timu yake inazipata haki hizo kikamilifu.

Matokeo yake ni kwamba timu bora huwa karibu zote ziko juu ya kikomo. Wachezaji wake wameshakuwa ghali, imewabakiza kwa haki za Bird, na haina nafasi ya kumleta nyota mwingine kutoka nje. Bingwa anaweza kumtamani mchezaji wa timu pinzani, lakini hana pa kumweka kwenye hesabu zake.

Oktoba 2014 NBA ilisaini mkataba mpya wa televisheni na ESPN na Turner: dola bilioni 24 kwa miaka tisa, kuanzia msimu wa 2016–17. Kikomo hukokotolewa kutokana na mapato ya ligi, kwa hiyo fedha hizo zilikuwa lazima zikiinue. Ligi ilipendekeza ongezeko lisambazwe kwa miaka kadhaa ili kikomo kipande taratibu. Chama cha wachezaji kilikataa mwaka 2015, kwa kuwa hakikuona sababu ya kikomo kushikiliwa chini ilhali fedha zipo. Hivyo kikatoka dola milioni 70 msimu wa 2015–16 hadi milioni 94.1 msimu uliofuata. Ni milioni 24 kwa mkupuo mmoja, theluthi nzima ya kile kilichokuwapo.

Katika kiangazi cha kawaida, timu tano au sita ndizo huwa na nafasi ya mshahara wa juu kabisa. Kiangazi kile nafasi ilienea karibu ligi nzima, na wachezaji wa kawaida walipata mikataba iliyowalemea waajiri wao kwa miaka minne. Hilo lilitabirika. Kilichowashtua wengi ni kwamba timu ya ushindi wa 73 nayo ilikuwa miongoni mwa zenye nafasi.

Sababu ni kifundo cha mguu cha Stephen Curry. Msimu wa 2011–12 Curry alicheza michezo 26 tu kwa majeraha ya kifundo, na Oktoba 2012 akasaini nyongeza ya miaka minne kwa dola milioni 44. Wakati ule ulionekana mkataba wa haki kwa pande zote: timu inabeba hatari, mchezaji anapata uhakika. Kisha akawa Mchezaji Bora wa Msimu mwaka 2015, na tena 2016 kwa kura zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka wa mwisho wa mkataba ule, 2016–17, alilipwa milioni 12.1. Mchezaji bora wa ligi alikuwa wa nne kwa mshahara ndani ya timu yake mwenyewe.

Sasa jumlisha. Curry milioni 12.1, Klay Thompson 16.7, Draymond Green 15.3, Andre Iguodala 11.1, Shaun Livingston 5.8. Hao watano ni milioni 61. Chini ya kikomo cha 70, hata Durant angekubali milioni 20 alizolipwa msimu uliotangulia, jumla ingekuwa 81, na hakuna ambaye angeweza kuipitisha. Chini ya kikomo cha 94.1, Durant wa milioni 26.5 anaifikisha jumla 87.5 na bado inabaki kidogo.

Mtu anaweza kuuliza 26.5 imetoka wapi. Mchezaji mwenye misimu saba hadi tisa ligini anaruhusiwa hadi asilimia 30 ya kikomo, na Durant alikuwa amemaliza wa tisa. Asilimia 30 ya 94.1 ni 28.2, lakini chini ya makubaliano ya wakati ule mshahara wa juu ulikokotolewa kwa sehemu ndogo kidogo ya mapato kuliko iliyotumika kupanga kikomo chenyewe. Ndipo ikatoka 26.54.

Kusafisha nyumba bila kubomoa

Hesabu ya milioni 87.5 inapendeza, lakini Warriors hawakuingia Julai wakiwa hivyo. Walikuwa na Andrew Bogut wa milioni 11, na huyo peke yake angevukisha jumla hadi 98.5. Walikuwa pia na Harrison Barnes na Festus Ezeli, wote wachezaji huru wa masharti. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha haondoki mara moja kwenye vitabu. Timu ikitaka kushika haki zake, nafasi yake huendelea kuhesabiwa kwa kiasi fulani mpaka asaini mahali au timu imwachie rasmi. Na hata nafasi tupu zina gharama. Timu yenye wachezaji chini ya 12 inaongezewa kwenye hesabu mshahara wa chini wa mchezaji anayeanza ligini kwa kila nafasi inayopungua, ambao mwaka ule ulikuwa karibu dola 543,000.

Kazi ya Bob Myers, meneja mkuu, ilikuwa kupanga haya yote yaanguke kwa pamoja, ila tu kama Durant atasema ndiyo. Angemtoa Bogut mapema kisha Durant akakataa, Golden State ingeanza msimu bila mchezaji wake wa kati na bila mbadala. Angechelewa baada ya Durant kukubali, timu nyingine zingejua amebanwa na zingedai chaguo la drafti, yaani zamu ya kuchagua chipukizi wanaoingia ligini, ili kumpokea Bogut. Kanuni ya ligi ilimsaidia. Mazungumzo yaliruhusiwa kuanzia tarehe 1 Julai, lakini mikataba haikuweza kusainiwa hadi tarehe 7. Siku hizo za kusubiri ndizo zilizomwezesha kuwa na makubaliano ya mdomo pande zote mbili.

Dallas Mavericks walikuwa wameshaelewana na Barnes kwa miaka minne na dola milioni 94. Kwa kuwa Barnes alikuwa huru wa masharti, Warriors wangeweza kulingana na ofa hiyo na kumbakiza. Kila kitu kikasubiri kauli moja kutoka Hamptons, karibu na New York, ambako Durant alikuwa akipokea wajumbe wa timu sita. Thunder walikwenda, na San Antonio, na Miami, na Clippers. Boston walimchukua Tom Brady, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, awasaidie kushawishi. Golden State walimpeleka mmiliki Joe Lacob, Myers, kocha Steve Kerr, kisha Curry, Thompson, Green na Iguodala kwa pamoja. Jerry West, mshauri wao, aliongea naye kwa simu.

Durant alipokubali, mambo yalikwenda mfululizo. Barnes aliachiwa aende Dallas, na Bogut akapelekwa Dallas hukohuko kwa karibu bure. Ezeli aliachiwa akaenda Portland. Marreese Speights, Leandro Barbosa na Brandon Rush wakatawanyika. Baada ya nafasi kujazwa na mshahara wa Durant, sheria iliwabakizia fungu dogo linalotengwa kwa timu iliyotoka chini ya kikomo, karibu milioni 2.9, nao wakalitumia kumleta Zaza Pachulia kuziba pengo la Bogut. David West na JaVale McGee walikuja kwa mshahara wa chini. David West angeweza kulipwa zaidi kwingine, alifuata ubingwa. Nyota mkubwa anapohamia kwa bingwa, huvuta nyuma yake maveterani wa bei nafuu, na faida hiyo haionekani kwenye kikomo chochote.

Kwa nini fedha za nyumbani hazikumzuia

Sheria za NBA huipa timu ya nyumbani mkono wa juu: inaweza kutoa mwaka wa tano na nyongeza kubwa zaidi ya mshahara kila mwaka. Kwa Durant, Thunder wangeweza kutoa miaka mitano yenye nyongeza ya asilimia 7.5, jumla takriban dola milioni 152.6. Golden State ukomo wao ulikuwa miaka minne na asilimia 4.5, takriban milioni 113.3. Tofauti ya milioni 39 inatosha kumtuliza mtu.

Ila kikomo kilipokuwa kikipanda namna ile, hakuna mshauri mwenye akili ambaye angemruhusu mteja wake kujifunga miaka mitano. Mwaka 2017 Durant angefikisha misimu kumi na kustahili asilimia 35 badala ya 30. Kwa hiyo mkataba wa busara ulikuwa wa mwaka mmoja wenye hiari ya wa pili, na huo ndio aliosaini, dola milioni 54.3 kwa jumla. Katika mkataba mfupi hivyo, mshahara wa mwaka wa kwanza ni uleule popote alipo. Faida ya nyumbani ilikuwa mwaka wa tano na nyongeza za baadaye, na vyote viwili havikuwa na maana tena. Mruko wa kikomo uliipa Golden State nafasi, na papo hapo ukaipokonya Oklahoma City silaha yake pekee.

Hilo halina maana kwamba Durant hakulipa gharama. Mwaka 2017 Warriors walikuwa juu ya kikomo na hawakuwa na haki kamili za Bird juu yake, kwa kuwa alikuwa amekaa msimu mmoja tu. Sheria iliwaruhusu kumpa hadi asilimia 120 ya mshahara uliopita, yaani milioni 31.8. Kumlipa ukomo wake wa milioni 34.7 kungehitaji nafasi, na nafasi ingepatikana kwa kuwaachia Iguodala na Livingston. Durant alichukua milioni 25. Iguodala akabaki kwa milioni 48 za miaka mitatu, Livingston kwa 24 za miaka mitatu, na Curry akapata mkataba wake wa milioni 201 kwa miaka mitano. Kwa msimu huo mmoja Durant aliacha karibu milioni 10 ambazo Thunder wangeweza kumlipa. Wanaosema alifuata fedha hawajazitazama namba hizi.

Alichokifuata uwanjani

Mchezo wa sita wa fainali ile ya Magharibi, Mei 28 mjini Oklahoma City, unaeleza mengi. Thunder waliongoza 96–89 zikiwa zimesalia dakika tano. Walihitaji dakika tano za utulivu kufika fainali. Wakafungwa 19 kwa 5 na kupoteza 108–101. Klay Thompson alitia pointi tatu mara 11, rekodi ya mchujo wakati ule, na 19 kati ya pointi zake 41 zilikuja robo ya nne. Durant alipiga mara 31, zikaingia 10. Russell Westbrook alipiga 27, zikaingia 10.

Namba hizo zinasomwa kama kushindwa kwa Durant, na yeye mwenyewe hawezi kuzikwepa. Lakini tazama jinsi mashambulizi yale yalivyokuwa. Mpira unafika kwa Durant, wenzake wanne wanasimama, Iguodala amemganda, na mlinzi wa Andre Roberson anamwacha Roberson peke yake pembeni kwa sababu hana mtupo wa mbali. Durant anaona watu wawili mbele yake, na wakati mwingine watatu. Kila pigo ni gumu. Katika dakika za mwisho, miguu ikishachoka, mapigo magumu hayaingii. Thunder walikuwa na vipaji vya kutosha kuwatandika Warriors kwa tofauti ya pointi 28 na 24 katika michezo ya tatu na ya nne, wakaishia bila mpango timu pinzani ilipozoea.

Warriors nao walikuwa na tundu, na fainali dhidi ya Cleveland ililifichua. Cavaliers waliamua kumwacha Harrison Barnes huru na kutumia mlinzi wake kumsaidia anayemkaba Curry. Katika michezo mitatu ya mwisho Barnes aliingiza 5 kati ya 32, na Golden State, wakiwa mbele 3–1 wao wenyewe safari hii, wakapoteza ubingwa kwa 93–89 katika mchezo wa saba. Kwa hiyo Juni 2016 palikuwa na timu inayohitaji mfungaji mmoja ambaye haachiki, na palikuwa na mfungaji ambaye hajawahi kucheza bila kuzungukwa. Sina budi kusema kwamba kwa mchezo wenyewe, ndoa ile ilikuwa nzuri mno.

Silaha kali zaidi ya msimu uliofuata ilikuwa rahisi kuieleza. Durant ana mpira, na Curry anakuja kusimama kwenye njia ya mlinzi wake. Walinzi wakibadilishana, Durant mwenye zaidi ya mita mbili anabaki na mlinzi mfupi na kupiga juu ya kichwa chake. Wasipobadilishana, Curry anateleza kwenda nje na kubaki huru nyuma ya mstari. Wakimrukia Durant wawili, pasi inakwenda kwa Green katikati, na mbele yake kuna wanne dhidi ya watatu. Kerr hakuitumia mara nyingi, kwa kuwa alipenda mpira uzunguke, lakini mchezo ulipokuwa mgumu kila mtu alijua inakuja, na bado haikuzuilika.

Msimu wa 2016–17 ukaisha kwa ushindi 67, kisha mchujo wa 16–1, wakishinda 15 mfululizo kabla ya kupoteza mmoja Cleveland. Durant alifunga wastani wa pointi 35.2 katika fainali, na pigo lake la mbali mbele ya LeBron James katika sekunde za mwisho za mchezo wa tatu liliwapa uongozi wa 114–113 ambao hawakuuachia. Akawa Mchezaji Bora wa Fainali mwaka huo na tena 2018.

Hapa ndipo wakosoaji wana hoja ninayoikubali kabisa. Kwa miaka miwili bingwa alijulikana Oktoba, msimu ukianza. Houston Rockets ndio pekee waliokaribia. Mwaka 2018 waliongoza 3–2, Chris Paul akaumia paja, na katika mchezo wa saba wakakosa pointi tatu 27 mfululizo. Ukiacha wiki zile mbili, ligi ilikosa wasiwasi, na mchezo usio na wasiwasi unamnyima shabiki kile alichokilipia. Kuilaumu ligi kwa hilo ni haki zaidi kuliko kumlaumu mchezaji aliyetumia mlango uliokuwa wazi kisheria.

Waliobaki na mikono mitupu

Uchungu wa Oklahoma City haukuwa wa kupoteza mchezaji tu. Ulikuwa wa kumpoteza bila kupokea chochote. LeBron alipoondoka Cleveland mwaka 2010, pande hizo zilikamilisha uhamisho kama mabadilishano, na Cavaliers wakapata machaguo ya drafti, ingawa hayakulingana naye. Golden State hawakuhitaji mabadilishano kwa sababu walikuwa na nafasi. Walimsajili moja kwa moja. Baada ya miaka tisa Thunder hawakupata mchezaji, wala chaguo, wala dola.

Kwa nini hawakumuuza mapema? Kwa sababu walikuwa wanashinda. Februari 2016, wakati wa mwisho wa mabadilishano, Thunder walikuwa wanaelekea ushindi wa 55, na miezi mitatu baadaye waliitoa San Antonio ya ushindi wa 67. Timu haiuzi nyota wake ikiwa na nafasi halisi ya ubingwa. Ni mtego ambao hauna jibu zuri: ukimuuza unajitoa mwenyewe kwenye mbio, ukimbakiza unahatarisha kubaki mtupu. Nionavyo mimi, kosa lao lilikuwa la nyuma zaidi, Oktoba 2012, walipomtoa James Harden kwenda Houston badala ya kulipa kodi ambayo ligi huitoza timu inayovusha mishahara kiwango fulani. Miezi minne kabla ya hapo walikuwa wamecheza fainali na Miami, nyota wao watatu wote wakiwa na miaka 23 au chini yake. Durant asingehitaji kuzungukwa kama Harden angekuwa upande wa pili.

Msimu uliofuata Westbrook alibeba timu mgongoni: wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na pasi za mabao 10.4, na tuzo ya Mchezaji Bora. Timu ilishinda 47 na kutolewa raundi ya kwanza.

Lakini Sam Presti, meneja mkuu, alikuwa ameshafanya jambo moja siku 11 kabla ya tangazo la Durant. Usiku wa drafti, Juni 23, alimpeleka Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, Orlando, akapokea Victor Oladipo, Ersan Ilyasova na haki za kijana Domantas Sabonis. Lengo lilikuwa kuimarisha timu ya Durant. Oladipo na Sabonis wakawa malipo ya Paul George kutoka Indiana mwaka 2017. George akaombwa na Clippers mwaka 2019, na Presti akatoza Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana machaguo. Moja ya machaguo hayo lilikuwa Jalen Williams mwaka 2022. Juni 2025 Thunder ya Shai na Jalen ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Indiana katika mchezo wa saba, na Indiana hao walifika hapo wakiongozwa na Tyrese Haliburton, waliyempata Sacramento kwa kumtoa Sabonis yuleyule. Biashara moja ya Ibaka ilizaa pande zote mbili za fainali.

Golden State wenyewe walijifunza kutokana na kilichowapata Thunder. Juni 2019 Durant alichanika kano ya kisigino katika mchezo wa tano wa fainali dhidi ya Toronto, na mwishoni mwa mwezi huo akaamua kwenda Brooklyn. Warriors wakaomba uhamisho ukamilishwe kwa mabadilishano, wakaongeza hata chaguo la drafti, wakampokea D'Angelo Russell. Ili kumtosheleza kwenye hesabu walilazimika kumtoa Iguodala. Februari 2020 Russell akawa Andrew Wiggins pamoja na chaguo lililomleta Jonathan Kuminga. Wiggins alianza kila mchezo wa fainali walipotwaa ubingwa wa 2022.

Kufuli mpya

Ligi haikukaa kimya. Makubaliano yaliyoanza Julai 2017 yaliruhusu timu kumpa mchezaji wake wa misimu minane au tisa asilimia 35 mapema, ikiwa alitajwa kwenye timu bora ya ligi au alipata tuzo kubwa, na timu ya nyumbani pekee ndiyo yenye haki ya kuutoa mkataba huo. Wengi waliiita kanuni ya Durant, kwa kuwa ingewapa Thunder silaha waliyoikosa. Westbrook aliichukua Septemba 2017, dola milioni 205. Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. John Wall wa Washington alisaini milioni 170, akaumia, na mkataba ukaibana timu kwa miaka. Timu ndogo ilipata uwezo wa kumshika nyota, pamoja na shinikizo la kumlipa hata pale inapoogopa.

Makubaliano ya 2023 yalikwenda mbali zaidi. Juu ya kikomo na kodi sasa kuna kizingiti cha pili, na timu inayokivuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja, hairuhusiwi kutuma fedha taslimu, na chaguo lake la drafti la mwaka wa saba mbele hufungwa lisiuzwe. Kuwabakiza nyota wanne kwa pamoja kumekuwa kugumu kuliko kuwapata. Kikomo nacho kimewekewa breki: hakiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Breki hiyo ilijaribiwa upesi. Mkataba mpya wa televisheni, dola bilioni 76 kwa miaka 11 na Disney, NBC na Amazon, ulianza msimu wa 2025–26. Kikomo kikatoka milioni 140.6 hadi 154.6, asilimia 10 kamili, na hakuna timu ya juu iliyoamka Julai ikiwa na nafasi ya nyota mkubwa. Kiangazi hichohicho Durant, akiwa na miaka 36, alitoka Phoenix kwenda Houston, timu iliyotoka kushinda michezo 52. Rockets walimlipia kwa Jalen Green, Dillon Brooks, haki za Khaman Maluach wa Sudan Kusini aliyechaguliwa wa 10 kwenye drafti, na machaguo matano ya raundi ya pili.